Wacuka na Neno Mimi

Teresiah Wacuka alikuwa na tabia moja iliyowachosha walimu wakuu wote aliofanya kazi chini yao: akiambiwa jambo limeamuliwa, aliuliza ni nani ameamua. Hakuuliza kwa kelele. Aliuliza kwa sauti ile ile aliyotumia kuwafundisha watoto wa darasa la tatu kutoa na kujumlisha, huku ameegemea dirisha, akingoja jibu kama mtu asiye na haraka ya kwenda popote. Mtaani Bahati alikoishi, watu walimwita Mwalimu. Hakuwa ameolewa, na aliyemuuliza kwa nini, naye aliulizwa kwa nini yeye ameoa.

Tabia hiyo aliitoa hospitalini, mwaka wa 1971.

Baba yake, Thuo, fundi seremala wa Gikomba, alikuwa ameoa mke wa pili na kumleta katika nyumba ile ile ndogo aliyoishi na mke wa kwanza. Huyo wa kwanza, Lydiah, mama yake Wacuka, alivumilia kwa muda, kisha asubuhi moja akachukua shoka la mumewe na kukipasua kitanda kipya ambacho Thuo alikuwa amemchongea bibi mdogo. Hakumgusa mtu. Alikipasua kitanda mpaka kikawa kuni, halafu akaketi juu ya zile kuni na kulia.

Akapelekwa kwa daktari wa wagonjwa wa akili. Daktari alikuwa kijana, mpole, na haraka yake ilionekana machoni. Akamgeukia Thuo, aliyekuwa ameishika kofia yake kwa mikono miwili.

"Huwa analia bila sababu?"

"Bila sababu yoyote, daktari. Siku hizi ndiyo imezidi."

Wacuka, aliyekuwa ndio kwanza ametoka chuo cha ualimu, akadakia, "Sababu ipo. Hicho kitanda alichokipasua—"

Daktari akamwomba asubiri nje, kwa maelezo kwamba habari za mgonjwa hutolewa na mwenye mgonjwa. Mlango ukafungwa. Alipokuja kuiona tena sura ya mama yake vizuri, miezi ilikuwa imepita, na Lydiah alikuwa anatembea kama mtu anayevuka mto, akinyanyua kila mguu kwa tahadhari. Vidonge vilikuwa vimemzubaisha. Wacuka hakuuliza ruhusa kwa mtu. Alikodi vyumba viwili Bahati, akamchukua mama yake, na baba yake alipokuja kuuliza kulikoni, akamkuta mlangoni amesimama na hakusogea.

Miaka kumi ikapita akifundisha mchana na kusomea shahada ya kwanza jioni. Lydiah akapata nguvu zake, akaanza kusuka vikapu, akarudia pia kuimba kanisani kwa ile sauti yake nzito iliyowatisha waimbaji wengine. Lakini lile swali la daktari lilibaki kichwani mwa Wacuka kama kokoto ndani ya kiatu. Ndiyo sababu, alipopata nafasi ya kusoma shahada ya pili chuo kikuu, akachagua saikolojia. Alitaka kujua swali lile liliundwa na nani.

Chuoni akakuta mambo mawili. La kwanza ni kwamba saikolojia aliyofundishwa ilipenda namba. Mtu alipimwa huzuni yake kama unavyopima homa, na aliyepima alitakiwa kukaa mbali asije akakitia kipimo joto la mkono wake. La pili alilipata kwa wanafunzi wenzake wa kike, waliokuwa wakikutana saa ya chakula cha mchana katika chumba cha pembeni cha maktaba na kupitishiana maandishi ya wanawake wasomi wa nchi mbalimbali. Maandishi hayo yalisema kwamba aliyeuliza swali naye ana macho, ana mwili, ana mahali alipozaliwa. Na kwamba elimu inayojifanya haitoki popote, mara nyingi imetoka kwa wanaume walioketi mahali pazuri. Wacuka aliyasoma kwa kiu. Baadhi yake aliyakataa pale pale. Kulikuwa na mwandishi mmoja wa ng'ambo aliyesema mwanamke hufungwa na jiko lake, na Wacuka akawaambia wenzake, "Huyu angekuja mtaa wa Dandora, kwenye nyumba za kuta tupu, akamtafute mwanamke mwenye jiko la kumfunga." Lakini kiini cha maneno yale alikielewa vizuri kuliko wote chumbani, kwa sababu aliwahi kuambiwa asubiri nje.

Msimamizi wake alikuwa Daktari Gichuru, mtu mrefu mwenye suti moja aliyoitunza sana. Mapema mwaka wa 1982 alikuwa na mradi wa kupima afya ya akili ya wanawake wa Dandora, akamtuma Wacuka huko na dodoso, karatasi ya maswali iliyotungwa ng'ambo.

Dandora wakati huo ilikuwa bado inajengwa. Mwenye ploti alipewa kipande cha ardhi, choo na mfereji wa maji; nyumba akajijengee mwenyewe. Kila upande kulikuwa na kuta zilizofika kiunoni, marundo ya mchanga, na wanawake wakichanganya saruji huku watoto wamefungwa mgongoni. Upepo ukigeuka, harufu ya jaa la jiji ilikuja na kuketi na watu.

Mlango wa kwanza aliobisha ulikuwa wa Zaitun. Huyu alikuwa mjane wa makamo, mzaliwa wa Pumwani, mwenye kazi ya kufumua makoti makubwa ya mitumba na kuyashona upya yawe ya watoto, kisha kuyapeleka sokoni Gikomba. Alimkaribisha Wacuka kwenye kiti, akaendelea kufumua. Maswali yakaenda. Majibu yalikuwa manne tu: kamwe, mara chache, mara nyingi, daima. Zaitun alijibu kama mtu anayefukuza nzi.

Ndipo Wacuka akafika chini ya ukurasa, akasoma, "Je, huwa unalia bila sababu?"

Swali lile lile la daktari wa mama yake, neno kwa neno, limevuka bahari na kurudi limepigwa chapa.

"Andika daima," Zaitun akasema bila kuinua macho. "Si unataka kumaliza? Andika daima, uende zako."

"Sababu ni ipi?"

"Karatasi yako imesema hakuna."

Wacuka akaigeuza karatasi, akailaza kifudifudi juu ya paja. "Haya, sasa karatasi imenyamaza. Nakuuliza mimi."

Zaitun akaweka mkasi chini. Akaeleza jinsi mumewe Saad alivyoanguka kutoka kwenye jukwaa la mafundi wa ujenzi mjini na kufa, nyumba yao ikiwa kuta za magotini. Akaeleza alivyozipandisha kuta hizo yeye mwenyewe, kwa fundi wa kulipwa kwa siku na kwa mikono yake. Na sasa shemeji yake Haidari huja kila Ijumaa baada ya sala, akazunguka nyumba, akazigonga kuta kwa ngumi kama anayechagua tikiti maji, na kuuliza watoto wa ndugu yake watasimamiwa na nani.

"Nikimaliza kumpikia chai na akaenda, nalia," Zaitun akasema. "Sasa wewe msomi niambie, hiyo unaiandika wapi?"

Hapakuwa na mahali. Wacuka aliandika pembeni ya karatasi, kwa herufi ndogo, akazunguka mpaka upande wa nyuma. Waliohesabu majibu baadaye hawakuhesabu pembeni.

Akarudi kwa Daktari Gichuru akamwambia kwamba tasnifu yake ataifanya kwa mazungumzo marefu, kwa kinasa sauti, wanawake wakieleza kwa maneno yao. Gichuru alikunja uso, lakini akakubali iwe nyongeza ya hesabu, si badala yake. Akamwazima kinasa sauti cha idara, kizito kama jiwe la kusagia.

Kisha ukaja mwezi wa Agosti, jaribio la mapinduzi, na chuo kikafungwa. Wanafunzi walirudishwa makwao, na kwa zaidi ya mwaka mmoja hapakuwa na idara wala msimamizi. Kinasa sauti kilibaki Bahati, chini ya meza ya Wacuka.

Rafiki zake walimshauri atulie. Siku zile mkusanyiko wowote ulitazamwa kwa jicho la shaka, na mwanafunzi wa chuo kikuu alikuwa mtu wa kuepukwa. Wacuka alisikiliza ushauri wote, akashukuru, na Jumapili iliyofuata mchana akabeba kinasa sauti ndani ya kikapu cha mama yake hadi kwa Zaitun. Wanawake wa jirani walikuja na kazi zao mkononi: nguo za kushona, mboga za kuchambua. Mjumbe wa mtaa alipopita kuuliza wanafanya nini, Amolo, jirani ya Zaitun aliyekuwa mfagiaji katika kiwanda cha sabuni huko Viwandani, alimjibu, "Tunasuka nywele. Kaa, tukusuke."

Wakapatana masharti. Kila mwanamke aliweza kuzima mashine wakati wowote. Kila mmoja angesikilizishwa tena maneno yake na kusema lipi litoke. Na hakuna ambaye angepewa namba badala ya jina. Angejichagulia jina la kuandikwa.

"Na sharti la mwisho," Amolo akasema. "Wewe mwalimu umetuuliza mengi. Sisi tukuulize. Wewe unalia kwa nini?"

Kinasa sauti kilikuwa kinazunguka. Wacuka alinyoosha mkono akizime, halafu akaurudisha mkono. Akawaambia habari za shoka na kitanda. Akawaambia habari za mlango uliofungwa. Wanawake waliguna, mmoja akacheka kwa furaha aliposikia kitanda kilivyokuwa kuni, na kicheko kikawashika wote, naye Wacuka akajikuta anacheka na machozi yakimtoka, jambo ambalo hakuna kitabu chochote cha idara kilichomfundisha alipime vipi.

Tangu hapo alianza kuandika "mimi". Hakuwa na njia nyingine. Asingeweza kuandika kwamba Amolo alieleza hili na lile bila kusema kwamba aliyaeleza baada ya yeye, Wacuka, kueleza la kwake.

Hawakukubaliana kila mara. Aliposoma mbele yao ukurasa uliosema wanawake wa Dandora wamebebeshwa mizigo, Amolo alimkatiza. "Umetuandika kama punda. Punda hachagui. Mimi nilimwacha mume wangu Kisumu kwa miguu yangu, na ploti hii niliiomba kwa mdomo wangu. Liandike hilo nalo." Zaitun akapinga, akasema yeye alibebeshwa, na hakuna haja ya kupamba. Walibishana mpaka chai ikapoa. Wacuka aliyaandika mabishano yote jinsi yalivyokuwa, bila kuamua nani ameshinda.

Nyumbani Bahati, alimsomea Lydiah sehemu inayomhusu. Mama yake alisikiliza akiendelea kusuka kikapu.

"Hapo uliposema nilivunjika," Lydiah akasema. "Futa."

"Niseme nini, Mama?"

"Kilichovunjika ni kitanda. Mimi nilikuwa na hasira."

Wacuka akafuta, akaandika kama alivyoambiwa. Mama yake akamwambia arudie kukisoma kipande hicho, kisha mara nyingine tena.

Katikati ya mwaka wa 1983 ndipo Haidari alipopata silaha. Kabla chuo hakijafungwa, mradi wa Daktari Gichuru ulikuwa umeipelekea kamati ya ploti, iliyosimamia ardhi ya Dandora, matokeo ya dodoso kama ulivyoahidi. Majina yalipaswa kuondolewa, hayakuondolewa. Haidari alikuwa na rafiki ndani ya kamati, na siku moja akayaona: Zaitun, mjane, hali mbaya sana ya akili. Alikuja mbele ya kamati akaomba usimamizi wa ploti upewe yeye, kwa niaba ya watoto, kwa kuwa mama yao si mzima.

Zaitun alimtuma mtoto wa jirani Bahati na maneno mawili tu: Mwalimu aje.

Kikao kilifanyika mchana, katika banda la mabati la kamati. Mwenyekiti alikuwa Mzee Mbuthia, aliyestaafu kazi ya reli, mtu wa haki lakini mwenye kuogopa karatasi yenye muhuri. Haidari alisimama, kanzu yake nyeupe pe, akaongea kwa adabu.

"Wazee wangu, sina ugomvi na shemeji yangu. Namwonea huruma. Lakini haya si maneno yangu. Chuo kikuu chenyewe kimempima na kuandika."

Wacuka akasimama nyuma. "Aliyempima ni mimi."

Watu wakageuka.

"Mimi ndiye niliyeketi naye na hiyo karatasi. Iliuliza kama analia bila sababu. Alikuwa na sababu, akanieleza, nami nikaiandika. Walioandika hayo uliyoshika waliiacha nje. Hayo si maradhi yake, wazee. Ni upungufu wa swali letu."

Kukawa na minong'ono. Mzee Mbuthia akajikuna kidevu. "Mwalimu, tunaambiwa una kanda za sauti yake. Zilete tusikie wenyewe."

Hapo ndipo wengi wangeshawishika. Katika kanda zile Zaitun alikuwa amesema mambo ambayo yangemmaliza Haidari kwa dakika chache. Wacuka alilijua hilo. Akajibu, "Kanda si zangu kuzicheza. Mwenye maneno ameketi hapo mbele yenu. Muulizeni."

Zaitun akasimama. Alikuwa amevaa buibui lake la sikukuu.

"Nalia, ndiyo," akasema. "Nimelia nikichota mchanga, nimelia nikipandisha kila tofali. Tena nitalia kesho, sijaacha. Lakini kuta zimesimama. Anayedhani zimepinda kwa sababu ya machozi, achukue timazi akapime. Na wewe Haidari," akamgeukia, "unapokuja kuzigonga kila Ijumaa, waambie wazee unagonga unatafuta nini. Unatafuta watoto wa ndugu yako ndani ya tofali? Watoto wako jikoni, hujawahi hata kuwauliza wamekula nini."

Amolo, aliyekuwa nje na wanawake wengine wamebana kwenye mlango, akapiga kigelegele ambacho mabati yalikirudisha mara mbili. Haidari alijaribu kusema tena juu ya muhuri wa chuo. Mzee mmoja akamwambia aketi. Mzee Mbuthia alishauriana na wenzake, kisha akatangaza kwamba ploti itabaki mikononi mwa mama wa watoto, na kwamba kamati haitapokea tena karatasi ya kumpima mtu asiyekuwepo. Haidari akatoka bila kumtazama shemeji yake, na Ijumaa iliyofuata hakuja.

Chuo kilipofunguliwa tena, Wacuka alimpelekea Daktari Gichuru tasnifu yote. Ilimrudia na wino mwekundu. Kila "mimi" ilikuwa imekatwa na juu yake kuandikwa "mtafiti". Sura ya kikao cha kamati ilikuwa na mstari mmoja tu, kutoka kona hadi kona.

Wacuka alirudi ofisini kwa Gichuru siku hiyo hiyo.

"Daktari, huyu mtafiti ni nani? Namwona kila ukurasa, simjui."

Gichuru hakucheka. Alimwonyesha kiti. "Bi. Wacuka, umeingilia jambo ulilolichunguza. Umesimama mbele ya kamati. Umemwandika mama yako mzazi. Hii si sayansi, ni ushahidi wa mtu mmoja."

"Ni ushahidi wa wanawake wengi, na mimi mmoja wao."

Mwalimu wake akavua miwani. Alipoongea tena, sauti yake ilikuwa na uchungu ambao Wacuka hakuutarajia. "Unajua madaktari wa kikoloni waliandika nini juu yetu? Kwamba Mwafrika hana akili ya kutosha kuhuzunika. Waliandika kwa maoni yao na hadithi zao. Mimi nimetumia maisha yangu nikipigania tupimwe kwa kipimo kile kile wanachopimwa wao, ili asitokee tena mtu wa kusema hovyo. Sasa wewe unataka turudi kwenye hadithi."

Wacuka aliona kwamba mtu huyu naye alikuwa na mlango wake uliowahi kufungwa usoni. Lakini hakulegea.

"Nakuheshimu kwa hilo, Daktari. Ila wale walituandika bila kutuuliza. Na karatasi yetu, ile isiyo na mimi ndani yake, ndiyo iliyofika mikononi mwa Haidari. Mtafiti huyo wako alikuwa wapi siku ile? Aliyeitwa kujibu ni mimi."

"Ukipeleka hivi mbele ya jopo la watahini, wataikataa."

"Waikatae ikiwa na jina langu."

Jopo liliikataa. Profesa Nabiswa, aliyeliongoza, alimuuliza angewezaje kusema kweli juu ya jambo lililo ndani ya nyumba yake mwenyewe. Wacuka akajibu kwamba daktari wa mama yake hakuwa wa nyumba yao, alikaa mbali kama inavyotakiwa, na alikosea. Akaongeza kwamba yeye mwenyewe aliwahi kukosea kwa kuwa karibu, na akawafungulia kurasa ambapo Amolo na mama yake walimsahihisha. "Nimeliacha kosa langu hapo mlione. Nyinyi mnaficha la kwenu ndani ya neno mtafiti."

Akapewa miezi kadhaa ya kusahihisha: aondoe nafsi yake, aondoe kamati, aongeze majedwali. Aliporudisha, alikuwa hajaondoa kitu. Alikuwa ameongeza sura nzima inayoeleza kwa nini hataondoa: nadharia aliyoisoma katika kile chumba cha maktaba, mbinu aliyofuata, mahali nadharia hiyo ilipomsaidia na mahali ambapo wanawake wa Dandora waliipinda ikabidi ikae wanavyokaa wao.

Tasnifu ikalala kwenye rafu ya idara. Kila mwisho wa muhula Wacuka alikwenda kuuliza, na kila mara karani alimwambia bado. Wenzake walivaa majoho, wakapata kazi wizarani. Yeye alirudi kufundisha darasa la tatu. Watu walianza kumwambia kwamba ni neno dogo tu, angelifuta amalize. Aliwajibu kwamba kama ni dogo, wao wangemwachia.

Mwaka wa 1986 idara ilipata mkuu mpya, rafu zikafagiliwa, na tasnifu ikatumwa kwa mtahini wa nje aliyeipitisha, ingawa si kwa sifa nyingi. Daktari Gichuru hakukubali. Aliandika maoni ya kurasa kadhaa ya kupinga, akaeleza kwa nini kazi ile ilikuwa ya hatari kwa taaluma changa. Karani akamwambia Wacuka kwamba maoni hayo yatawekwa faili, asiwe na wasiwasi, hakuna atakayeyaona.

"Hapana," Wacuka akasema. "Yafungwe ndani ya tasnifu, nyuma ya sura ya mwisho. Yote, na jina lake."

"Mwalimu, haya yanakuharibia!"

"Wanawake waliponipinga, maneno yao niliyaacha. Yeye ana dhambi gani hata nimfiche?"

Yakafungwa pamoja. Daktari Gichuru alipopata nakala yake aliikuta hivyo, na inasemekana alikaa nayo ofisini mchana mzima mlango ukiwa umefungwa. Hawakuwahi kuwa marafiki. Lakini alipofundisha mbinu za utafiti mwaka uliofuata, aliwapa wanafunzi kitabu hicho wakisome chote, pamoja na kurasa zake, wabishane.

Siku ya mahafali, Lydiah alivaa gauni la kanisani, Zaitun na Amolo wakaja na kundi lao la Jumapili, na jina la Wacuka liliposomwa walishangilia mpaka mlinzi akaja kuwatazama. Amolo akamkaribisha akae.

Kazi ya chuoni hakupewa. Ilisemekana ni mgumu kufanya naye kazi, na hilo lilikuwa kweli. Zaitun alimaliza kuezeka nyumba, akapangisha chumba kimoja kwa mwalimu wa madrasa, akaendelea kushona. Vikao vya Jumapili vikahamia kwa Amolo, kisha vikagawanyika, kundi moja likaanza mtaani Kariobangi.

Mwaka wa 1988 mradi mpya uliwatafuta wanawake wa mtaa wa Lucky Summer, jirani na Dandora, na safari hii waliomtafuta Wacuka ni waheshimiwa kutoka ofisi kubwa mjini. Mjumbe wao, kijana mwenye tai, alimkuta shuleni Bahati, chaki mkononi. Alikuwa na maswali yaliyokwisha kuchapishwa. Walihitaji tu mtu anayeaminika mitaani wa kuyasoma.

Wacuka aliyapitia maswali akiwa amesimama mlangoni mwa darasa, akamrudishia.

"Waambie nitakuja," akasema. "Lakini nitakuja bila haya. Kwanza tutakwenda Lucky Summer, tuwaulize wanawake wa huko wao wanataka kujua nini. Wakitaka kutuuliza sisi, tutajibu, na wewe pia utajibu. Matokeo wataona wao kabla ya mkubwa wako."

"Mwalimu, sidhani watakubali."

"Basi watafute mwingine," Wacuka akamwambia, akarudi ndani kwa watoto.

Gari lao lilikaa nje ya lango la shule kwa muda mrefu, injini ikinguruma. Halafu likazimwa, na yule kijana akashuka tena, akaja kuketi kwenye dawati la nyuma, akingoja kengele ya mapumziko ilie waanze kuzungumza.